Kabla hamjashusha injini ya gari la nyumbani

Wazazi wenzangu, wiki hii naomba tutoke wodini twende gereji. Msishangae. Kilichonipeleka huko ni maumivu ya kichwa ya watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa.

Ni watoto wa kaka yangu anayeishi Sumbawanga. Desemba iliyopita walikuwa wamekaa nyuma kabisa ya gari, kwenye sehemu ya mizigo, wakati familia inakwenda Kasanga kula Krismasi na kununua migebuka. Kabla ya kufika Matai mdogo akasema kichwa kinagonga. Mkubwa akatapika. Watu wazima waliokaa mbele walikuwa wazima kabisa, wakasema ni kona za barabara. Gari likasimama, watoto wakashushwa, wakakaa chini ya mti kama nusu saa, wakachangamka na kuomba soda. Wakarudi nyuma. Dakika ishirini baadaye, kichwa tena.

Gari hilo lilikuwa na wiki mbili tu tangu livalishwe injini nyingine.

Niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu kosa halikuanzia barabarani. Lilianzia kwenye mpango.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux Surf ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa familia ile ni zaidi ya gari. Linapeleka watoto shule mvua ikiwa kubwa, linabeba maharage kutoka shambani, linampeleka mama kliniki ya presha kila mwezi, na usiku mmoja lilimwahisha jirani mwenye uchungu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Anayeishi Ufipa anaelewa. Kwenye lami ya Tunduma au ya Kasanga gari dogo linatosha, lakini ukiacha lami Januari, bila gari la kuvuta miguu yote minne unalala njiani.

Agosti ya mwaka huo huo lilichemsha likipanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Walikuwa wanatoka msibani Muze. Bonde lile liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari na Sumbawanga mjini ni takriban mita 1,800, kwa hiyo gari lililojaa watu linapandishwa kilomita nzima kwenda juu ndani ya safari fupi, kwa gia ndogo, kona juu ya kona. Mshale wa joto ulipanda, kaka akasema tufike tu pale juu, mvuke ukatoka, injini ikazima. Lori liliwakuta saa nne usiku. Watoto walikuwa wamelala kwenye kanga za bibi yao.

Fundi alipofungua alikuta silinda hedi imepasuka na maji yamechanganyika na oili. Hakushangaa. Injini ile inaitwa 2L-TE, ya sentimita za ujazo 2,446. Herufi L ni ukoo wa injini, T ni turbo, E ni kwamba mafuta yanapimwa kwa kompyuta. Ni injini inayojulikana duniani kote kwa kupasua silinda hedi ikichemshwa mara moja au mbili. Anayeendesha gari lenye injini hiyo kwenye miteremko yetu na hajawahi kuangalia mshale wa joto, ana bahati tu.

Basi kikaitwa kikao cha familia. Nilikuwepo, nikiwa likizo.

Kaka alikwisha amua moyoni. Alitaka 1KZ-TE, ile ya lita tatu yenye turbo ambayo Toyota yenyewe iliiweka kwenye Surf kuanzia 1993. Sikumlaumu. Za mwanzo zilitajwa kuwa na nguvu za farasi kati ya 125 na 130, wakati 3L ya kawaida isiyo na turbo ina kama 90. Na huku kwetu juu turbo ina maana ya pekee. Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukipiga hesabu, farasi 90 wa pwani wanabaki kama 74 wakifika kwetu. Turbo inasukuma hewa ndani, hivyo hasara hiyo inapungua sana.

Wifi yangu alisikiliza hadi mwisho. Ana duka la nafaka sokoni na ana daftari la kila kitu. Akauliza swali moja: “Sawa baba watoto. Ikifia Kirando, nani ataitengeneza?”

Kimya.

Ndipo fundi, ambaye naye alikaribishwa chai, akasema jambo ambalo kaka hakulitegemea. Alisema 1KZ inahitaji mauntingi tofauti, rejeta kubwa zaidi, nyaya na kompyuta yake, na gia boksi yake au kiunganishi cha kuchonga. Akaongeza kwamba nayo ikichemshwa silinda hedi yake inapasuka, kwa hiyo kama dereva ni yule yule, tatizo ni lile lile kwa bei kubwa. Kaka hakufurahi kusikia habari ya dereva.

Njia ya pili ilikuwa kubaki ndani ya ukoo wa L: kuchukua 3L ya sentimita za ujazo 2,779 au 5L ya 2,986. Hizi hazina turbo wala kompyuta, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na zinaungana na gia boksi ya ukoo ule ule. Halafu kuna faida ambayo haiandikwi kwenye vitabu: ndizo injini zilizobeba Hiace za abiria nchi hii kwa miaka mingi. Stendi yoyote utakayofika kuna mtu ameshawahi kuifungua moja, na duka lolote la spea lina gasketi yake.

Ubaya wake nimeshautaja. Ni nzito kupanda. Kaka alisema atapitwa na malori. Wifi akasema malori yapite.

Kulikuwa na njia ya tatu ambayo mimi niliitaja na hakuna aliyeipenda: kuliuza gari kama lilivyo. Bado naamini familia inayofikiria kubadili injini iliweke wazo hili mezani kwa uaminifu. Kama bodi imeoza, kama difu inalia, kama fremu ina ufa, injini mpya ni sawa na kumwekea moyo mzuri mtu ambaye mapafu na figo vimekwisha. Fundi aliingia chini ya gari na tochi kwa saa nzima. Akatoka na orodha ndefu kuliko tulivyotaka, lakini fremu ilikuwa nzima. Wakaamua 5L.

Sasa tuje kwenye daftari la wifi, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoumia.

Watu huuliza bei ya injini, wakiipata wanaanza kuuza mahindi. Injini iliyotumika, inayotoka Japani au Dubai kupitia Dar es Salaam, ina bei yake. Kisha kuna usafiri wa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Sumbawanga. Kisha taimingi belti mpya, ambayo huwezi kuiacha ya zamani kwa sababu ikikatika valvu zinagongana na pistoni na umenunua chuma chakavu. Sili za oili, pampu ya maji, mipira yote ya maji, klachi wakati gia boksi iko chini, mauntingi, filta, oili, kulanti, rejeta kuzibuliwa au kununuliwa, bomba la moshi kurekebishwa, fundi wa injini, fundi umeme. Na nauli za bodaboda za wiki tatu ambazo gari halipo, pamoja na taksi ya kumpeleka mama kliniki. Wifi alipojumlisha, bei ya injini ilikuwa chini ya nusu ya jumla.

Aliandika pia ada ya muhula wa kwanza juu kabisa ya ukurasa, akaizungushia duara, akasema hiyo haiguswi. Kama isingekuwa duara lile, nadhani Januari watoto wangekuwa nyumbani na gari lingekuwa barabarani.

Kuhusu kuchagua injini yenyewe, fundi alimfundisha kaka mambo ambayo nayaandika kwa faida yenu. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake: ukikuta utando mweupe kama uji mzito, maji yalishaingia humo. Omba mgandamizo wa kila silinda upimwe, usikubali maneno. Angalia kama pampu ya dizeli, altaneta na stata vimekuja nayo, maana kuna bei ya injini na kuna bei ya injini tupu. Bakuli la oili nalo litazamwe kwa makini. Surf ina difu ya mbele inayokaa chini ya injini, na bakuli la injini iliyotoka kwenye Hiace huenda lisikae hapo, hivyo la zamani likahamishwa. Kama gari lako lina gia za otomatiki, uliza mapema zaidi, kwa sababu otomatiki nyingi za miaka ile zilikuwa zinabadili gia kwa amri ya kompyuta, na ukiondoa injini yenye kompyuta gia zinabaki yatima. La kaka lilikuwa la gia za mkono. Na risiti ya EFD yenye namba ya injini ni lazima. Nitarudi kwenye namba hiyo.

Maji sasa. Hapa nilijisikia niko nyumbani, kwa sababu fundi alikuwa anaeleza fizikia ya jiko la mama yangu. Maharage ya Sumbawanga huchukua muda kuiva kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu huku juu maji huchemka mapema, kwenye nyuzi joto kama 94 badala ya 100. Injini ya dizeli iliyo nzima hufanya kazi kati ya 80 na 95. Unaona hatari ilipo. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao kazi yake ni kushikilia presha. Mfuniko mzuri unapandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko uliochoka mpira unaiacha injini yako ichemke kama sufuria. Kaka aliishi na mfuniko uliochoka miaka miwili, akiongeza maji kila asubuhi na kuona ni kawaida.

Pia alimkatalia kijana wa gereji aliyetaka kuondoa themostati akisema huku haina kazi. Mtindo huo umeenea. Bila themostati injini ya Sumbawanga haipati joto lake asubuhi ya Juni, inakula dizeli na kutoa moshi mwingi, na hita ya ndani inapuliza baridi kwa watoto. Maji ya bomba peke yake nayo yanaleta kutu kwenye rejeta. Kulanti inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Lakini kulanti ndiyo iliyonifanya nipandishe sauti gereji.

Wakati wa kushusha injini ya zamani, kimiminika cha kijani kilimwagwa kwenye beseni na kingine kikawekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kikaachwa kwenye kivuli ukutani. Dizeli ya kuoshea vyuma ilikuwa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa mama lishe anayeuza chakula pale alikuwa anacheza mita mbili kutoka hapo. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu na rangi ya juisi. Kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo za mtoto, na mwanzoni anaonekana kama amelewa tu. Dizeli na petroli zina hatari ya namna nyingine: zikimezwa na mtoto akakohoa au akatapika, zinaingia kwenye mapafu na kuyaunguza.

Kwa hiyo likitokea, usimtapishe, na usimlazimishe kunywa maziwa, hata kama ndivyo bibi alivyofanya. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja ukiwa na chupa yenyewe mkononi, ili mganga ajue ni nini. Kwa kulanti usisubiri dalili, nenda hata kama anacheka. Na vimiminika hivi vikae kwenye dumu lake, lenye mfuniko na maandishi, juu ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kaka alinunua madumu mawili sokoni. Ndiyo matumizi madogo kuliko yote kwenye daftari.

Vumbi la klachi na breki za zamani nalo lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, maana vifaa vya miaka ile vinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishwe na kufutwa. Watoto wasiende gereji kumwangalia baba injini inapoinuliwa na mnyororo. Hilo halihitaji maelezo.

Injini ikaingia. Siku iliyowaka mara ya kwanza kaka alinitumia video, mlio wake ni kama wa Hiace, wifi anapiga vigelegele nyuma. Ilikuwa katikati ya Desemba na kila mtu alikuwa na haraka ya sikukuu. Bomba la moshi lilikuwa limebaki. La zamani halikulingana na njia ya moshi ya injini mpya, kwa hiyo likaungwa kwa kipande cha kuchomelea, na fedha zikiwa zimekwisha, mkia wake ukaachwa mfupi, ukiishia chini ya gari kabla ya bampa ya nyuma. Fundi wetu alikuwa amesafiri. Aliyechomelea alisema linatosha. Kaka naye hakuuliza, mimi sikuuliza, na daftari la wifi lilikuwa na mstari mmoja tu: bomba la moshi, kurekebisha.

Mwenye Surf ya umbo lile anajua raha yake moja kubwa. Kioo cha mlango wa nyuma kinashuka chote kwa kubonyeza kitufe. Watoto wanakipenda kuliko redio. Siku ya Kasanga vioo vya mbele vilikuwa vimefungwa, na nyuma kioo kilishushwa kidogo kwa ajili ya upepo.

Gari lenye mgongo ulionyooka namna ile likiwa kwenye mwendo huacha nyuma yake shimo la hewa. Hewa inazunguka na kurudi kwenye mlango wa nyuma. Ukifungua kioo cha nyuma peke yake, gari linaivuta hewa hiyo ndani, na pamoja nayo moshi. Mkia wa bomba ukiwa mfupi, moshi unakusanyika chini ya sakafu kabisa na kupenya hata kwenye mipira ya mlango iliyokauka kwa miaka thelathini. Anayeupata wa kwanza ni aliyekaa kwenye mizigo. Tena mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo ndani ya saa ile ile anavuta zaidi kwa uzito wake.

Ndani ya moshi wa injini yoyote kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, ila ina masizi na gesi zinazowasha macho na koo, na tangu Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Damu ya watoto wale haikupimwa siku ile. Lakini dalili walizokuwa nazo ndizo ninazoziandika kila mara kuhusu jiko la mkaa chumbani: kichwa, kichefuchefu, usingizi, na nafuu ya haraka ukitoka kwenye hewa safi, halafu tatizo kurudi ukirudi pale pale. Kichefuchefu cha kona nacho hupungua gari likisimama, ndiyo maana wazazi wanachanganya. Tofauti niliyoitazama mimi ni kichwa kuuma, watoto wote wawili kwa pamoja, wa mbele wakiwa wazima.

Nilikuwa kwenye simu na wifi walipofika Matai. Nilimwambia wafungue vioo vyote vya mbele, wafunge cha nyuma, watoto wahamie kiti cha kati hata kwa kubanana, na wakifika Kasanga wasiwashe gari lililosimama watu wakiwa ndani. Nilimwambia pia kwamba mtoto akiwa hajielewi au akiwa mgumu kuamka, wasiendelee na safari, wageuze kwenda kituo cha afya kilicho karibu. Walifika salama, migebuka ikaliwa.

Kwa unaofikiria kazi hii, bomba la moshi lipewe ukurasa wake kwenye daftari. Linatakiwa liwe zima kutoka injini hadi mwisho, lisiwe na tundu wala maungio yanayopumua, na mdomo wake utoke nje kabisa ya bodi, upande au nyuma ya bampa. Kulikagua ni rahisi. Injini ikiwa imepoa iwasheni, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, mwingine asikilize chini ya gari. Bomba zima linakaribia kuizima injini. Bovu linapiga miluzi linakovuja. Fanyeni hivyo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Mipira ya mlango wa nyuma ibadilishwe, na matundu ya sakafu yaliyoachwa na nyaya za kompyuta ya zamani yazibwe. La kaka yalikuwa mawili, kila moja linaingia kidole gumba.

Nimewasikia wazazi wakisema mtoto wangu hana uvumilivu wa safari, yeye gari halimpendi. Huenda. Lakini mkague gari kabla hamjamnunulia dawa ya kichefuchefu. Na sehemu ya mizigo si kiti, hata bila moshi. Haina mkanda.

Breki nazo ziliangaliwa, nashukuru, kabla ya safari. Kushuka kutoka tambarare kwenda Kasanga au Muze ni mita 1,000 za kukanyaga breki, na dizeli isiyo na turbo inasaidia kushika gari ukiwa kwenye gia ndogo kama dereva ataitumia. Kaka sasa anaitumia. Nadhani habari ile ya dereva ilimwingia.

Limebaki suala la kadi. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili injini, namba ya injini iliyo kwenye kadi haiendani tena na gari lililopo barabarani, na mmiliki anatakiwa kuijulisha TRA ili taarifa zirekebishwe. Wengi hawafanyi hadi siku ya kuuza gari, au siku ya ajali bima inapouliza. Kaka alianza kwa mkaguzi wa magari wa Polisi akiwa na risiti yake ya EFD, na ndipo ilipoonekana thamani ya risiti ile, kwani bila hiyo injini yako haina tofauti na iliyoibwa kwenye gari la mtu.

Bomba lilirefushwa wiki ya kwanza ya Januari, likatolewa upande wa kulia nyuma ya gurudumu hadi nje ya bodi. Ada ilikuwa imeshalipwa, kwa hiyo fedha ya bomba ilitoka kwenye maharage. Tangu hapo wamekwenda Muze mara mbili na Kasanga mara moja, malori yanawapita, na hakuna aliyetapika. Watoto bado wanaomba kioo cha nyuma kishushwe. Wifi amechomoa fyuzi yake, na anatembea nayo kwenye mkoba.